Sukari Inayotakiwa Kurudi Chembe

Watengenezaji wengi wa peremende za maziwa huiogopa chembe ya sukari. Shira ikishachemka na kukolea, hufanya kila njia isigeuke tena kuwa punje: hupangusa kingo za sufuria kwa brashi yenye maji, huiacha ipoe bila kuguswa, na wengine hutia glukosi au ndimu ili kuizuia. Uskoti kuna peremende moja inayovunja masharti hayo makusudi. Inaitwa tableti: kipande cha mraba, kahawia iliyofifia, kigumu ukikishika, lakini ukikibana kwa meno hukatika mara moja, husagika mdomoni, na kuyeyuka kabla hujamaliza kukitafuna. Vitu vyake vikuu ni vitatu tu, sukari, siagi na maziwa. Ndiyo maana wengi wanaoionja kwa mara ya kwanza, hasa waliozoea ile peremende laini ya Kimarekani iitwayo faji, huiona kama faji iliyomharibikia mpishi. Nadhani wanakosea. Chembe ile ndiyo tableti yenyewe, na anayeelewa kwa nini inatakiwa ameshaelewa namna ya kuipika, kuihifadhi na kuila.

Tarehe zenyewe zinatosha kuleta shaka. Faji inaanza kuonekana katika kumbukumbu za Marekani miaka ya 1880. Emelyn Hartridge, aliyesoma Chuo cha Vassar, alieleza kwenye barua yake kwamba faji iliuzwa Baltimore mwaka 1886 kwa senti 40 kwa ratili, na kwamba yeye mwenyewe alipika ratili 30 kwa ajili ya mnada wa chuo mwaka 1888. Tableti inatajwa mapema zaidi. Lady Grisell Baillie, mke wa mwenye ardhi kusini mwa Uskoti, aliweka daftari la matumizi ya nyumba yake tangu 1692 hadi 1733, na miongoni mwa manunuzi aliyoyaandika imo tableti ya watoto. Mwaka 1736 kikatoka Glasgow kitabu cha Mrs McLintock, kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha mapishi kuchapishwa Uskoti, nacho kina tableti za sukari iliyochemshwa na kutiwa ladha kama ya chungwa na tangawizi. Kitu kilichotangulia kwa zaidi ya karne nzima hakiwezi kuwa nakala mbovu ya kile kilichokifuata.

Lakini umri peke yake hauthibitishi ustadi. Kitu kinaweza kuwa cha zamani na bado kikawa kibaya. Ushahidi wenye uzito zaidi umo ndani ya sufuria. Maji yenye joto la nyuzi 20 huyeyusha sukari mara mbili ya uzito wake. Yakikaribia kuchemka huweza kubeba karibu mara tano. Shira ya tableti huchemshwa mpaka nyuzi 115 hivi, na hapo maji yaliyobaki ni machache mno. Joto likishuka, maji hayo hayawezi tena kuibeba sukari yote, kwa hiyo ni lazima sehemu yake ijitenge na kuwa fuwele. Kinachobaki mikononi mwa mpishi ni kuamua ijitenge lini. Mpishi wa faji huisubiri shira ipoe mpaka karibu nyuzi 50 ndipo aipige. Kufikia hapo shira ni nzito, na fuwele nyingi sana huzaliwa kwa mpigo mmoja, zikabanana, zikakosa nafasi ya kukua, ulimi hauzihisi. Mpishi wa tableti huanza kupiga mara tu anapoipua sufuria. Fuwele zake huzaliwa mapema, shira ikiwa bado moto, nazo hupata muda wa kukua hadi zihisiwe mdomoni. Vitu vile vile na moto ule ule, ila mwiko umeanza kazi kwa wakati tofauti.

Wala haitoshi kusema tableti inataka chembe, ukaishia hapo. Chembe zinazotakiwa ni ndogo na zinazolingana, na hapo ndipo wapishi wengi hujikwaa mwanzoni kabisa, kabla hata ya kuchemsha. Kwa kilo moja ya sukari hutumika gramu 125 hivi za siagi, kopo moja la maziwa mazito matamu lenye gramu 397, na takriban mililita 200 za maziwa ya kawaida. Siagi, maziwa ya kawaida na sukari huwekwa kwenye moto mdogo, na sharti sukari yote iyeyuke kabla mchanganyiko haujachemka. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria na kusikia mkwaruzo, bado. Punje ambayo haikuyeyuka huvuta sukari nyingine na kukua kuliko wenzake, na mwisho wake ni tableti yenye mchanga unaokera meno. Sukari ikishayeyuka hutiwa maziwa ya kopo, moto huongezwa, na kazi inayofuata ni kukoroga kwa dakika 15 hadi 20 bila kuacha chini ya sufuria, kwa sababu maziwa hushika upesi. Sufuria iwe kubwa na nzito. Povu hupanda mno, na shira ya moto ikimwangukia mtu hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji yanayochemka. Jikoni pasiwe na watoto wanaokimbizana. Rangi inayojitokeza polepole si ya sukari iliyoungua. Ni protini za maziwa zinazokutana na sukari za maziwa kwenye joto, na ndizo zinazoleta ile harufu ya karameli.

Asiye na kipimajoto hudondosha shira kidogo kwenye bakuli la maji baridi. Ikikusanyika vidoleni kuwa kidonge laini, imefika. Aliye nacho akumbuke anapoishi. Vitabu huandika nyuzi 115 kwa kuchukulia kwamba maji yanachemka kwa nyuzi 100, na hivyo ndivyo ilivyo Mombasa au Dar es Salaam. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mpishi wa huko aipue sufuria kwenye nyuzi 109. Akishikilia namba ya kitabu atapata kitu cha kuvunjia meno, kisha ailaumu Uskoti bure.

Baada ya kuipua ndipo mkono unapofanya kazi. Mwanzoni shira inang'aa na mwiko unapita bila sauti. Baada ya dakika kadhaa za kupiga kwa nguvu, mng'ao unaanza kufifia kutokea pembeni, utando mkavu unashika kwenye ukingo wa sufuria, na mwiko unakuwa mzito na kuanza kukwaruza. Hapo ni kumimina mara moja kwenye trei iliyopakwa siagi. Ukingoja kidogo, itagandia ndani ya sufuria. Ukiwahi mno, itabaki ya kunata. Aliyekosea hajapoteza sukari yake: hutia maji kidogo, huyeyusha upya, na kuchemsha tena. Mashine ya kupigia unga inarahisisha kazi, lakini naiona ni msaada wa hasara, maana huenda mbio na kelele zake humnyima mpishi ile sauti ya mwiko inayomwambia wakati umefika. Tableti ikianza kushika huchorwa mistari kwa kisu; ukisubiri ipoe kabisa itapasuka ovyo.

Wapo watakaosema kwamba peremende inayotegemea maziwa ya kopo haiwezi kuitwa ya jadi. Hoja hii ina nguvu kidogo. Gail Borden alipata hataza yake ya maziwa ya kopo Marekani mwaka 1856, na maziwa hayo yakaenea Uingereza katika miongo iliyofuata, kwa kuwa yalikaa bila kuharibika na watu wa mijini waliweza kuyamudu. Hata mwaka 1929, F. Marian McNeill alipochapisha kitabu chake maarufu cha mapishi ya Kiskoti, tableti aliyoieleza ilikuwa ya sukari na krimu au maziwa, si ya kopo. Lakini turudi nyuma zaidi, mpaka kwa Mrs McLintock, tutakuta tableti ambazo msingi wake ni sukari na ladha, hata maziwa hayamo. Basi kama jadi ingekuwa ni vitu vinavyotiwa sufuriani, tungehitaji kuchagua ni karne gani ya kuiamini. Kilichodumu katika hatua zote hizo ni namna ya kufanya: kuchemsha sukari, kuiacha irudi chembe, kuikata vipande.

Sukari yenyewe nayo haikuwa ya Uskoti. Katika karne ya 18 ilitoka mashamba ya Karibi, ambako Waskoti wengi walikuwa wamiliki na wasimamizi, hasa Jamaika, na waliokata miwa walikuwa Waafrika watumwa. Greenock, bandari ya mto Clyde, ilifungua kiwanda chake cha kwanza cha kusafisha sukari mwaka 1765 na kuendelea na biashara hiyo mpaka 1997. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya utumwa mwaka 1807, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ikaanza kutumika 1834; fidia ya pauni milioni 20 wakapewa wenye watumwa, si watumwa. Ushuru wa sukari ulipofutwa mwaka 1874, sukari ikashuka bei na kuingia jikoni mwa watu wa kawaida. Simulizi ya tableti kama peremende ya bibi, isiyo na historia nyingine, inaruka yote haya. Uskoti inaweza kudai ustadi wa mwiko. Jasho la miwa ni la wengine.

Chembe hiyo hiyo ndiyo inayotawala uhifadhi. Tableti ina maji kidogo, na maji hayo yameshibishwa sukari kiasi kwamba vijidudu haviwezi kustawi kwa urahisi. Hukaa wiki mbili tatu nje ya friji, ndani ya kopo lisilopitisha hewa, vipande vikitenganishwa kwa karatasi isiyoshika mafuta. Friji haifai, ingawa ndiko wengi wanakokimbilia. Kipande kikitolewa kwenye baridi hukusanya umande juu yake, umande huyeyusha chembe, na uso hunata. Pwani ya Afrika Mashariki hatari iko hewani: unyevu ukifika karibu asilimia 85, sukari huanza kuvuta maji yenyewe, na siku za masika hilo si jambo la ajabu. Mpishi wa huko apike kidogo kinachomalizika upesi. Kopo lisichanganywe na vitu vyenye harufu kali, maana siagi hubeba harufu ya jirani.

Pingamizi gumu zaidi ni la afya, na sioni njia ya kulikwepa. Kipande cha gramu 20 ni sukari karibu gramu 16. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya gramu 25. Vipande viwili tu, na kiwango hicho cha chini kimeshapitwa. Mgonjwa wa kisukari hana cha kujadiliana hapa. Kwa wengine, jinsi tableti inavyoliwa Uskoti ina busara yake: vipande vidogo baada ya chakula pamoja na kahawa, kifuko cha vipande vichache kwa mgeni wa harusi, au pakiti ndogo inayouzwa kwenye hafla za kuchangia kanisa. Wapwani wetu wanaokula kashata kwa kahawa chungu wataelewa bila kuelezwa. Tableti hutoa utamu wake wote mara moja, kwa kuwa chembe ndogo huyeyuka haraka, na kinywaji kichungu huusafisha mdomo. Anayeila kwa soda amejiharibia ladha na mwili pamoja.

Kuhusu ladha za kuongeza, McNeill alitaja mdalasini, tangawizi, nazi na nyinginezo, na siku hizi wako wanaotia wiski. Kipimo ni kile kile: kitakachoongezwa kisiizuie sukari kurudi chembe. Vanila hutiwa baada ya kuipua ili harufu isipotee. Tangawizi iwe ya unga. Ndimu si salama, kwani asidi yake huigawa sukari na kuifanya isigande vizuri. Anayetaka harufu yake atumie ganda la juu lililokunwa. Nazi nayo iwe iliyokaushwa, kwa sababu ile mbichi huja na maji yake.