Nzoia Ukifura, Samaki Wanakam Pembeni. Wewe Pia Baki Huko

Sema uko shags, Budalang'i. Mvua ya Aprili imegonga wiki nzima na Nzoia umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Cuzo wako anachukua ndoano na mkebe wa minyoo, anakushow twende. Wewe msee wa Nairobi unajiuliza: kwani na hayo maji yote samaki hawajasombwa?

Hawajasombwa, wamehama tu. Mto ukijaa, katikati kunakuwa noma hata kwa samaki. Maji yanakimbia, magogo yanapita, na kuogelea dhidi ya hiyo nguvu kunamaliza stima. So samaki anafanya vile wewe hufanya mvua ikikupata tao: anatafuta mahali pa kujibanza. Anaingia kwa nyasi zilizofunikwa na maji, nyuma ya mti ulioanguka, kwenye kona ambapo maji yanazunguka polepole, ama mdomo wa kale kamto kadogo kanakoingia Nzoia. Hapo ndipo unatupa ndoano, mita mbili tatu kutoka ukingoni. Msee anayejitosa mpaka kiunoni ndio arushe mbali anawapita samaki akienda kuwatafuta.

Minyoo nayo si ushamba. Mvua ikinyesha, udongo unaoshwa na minyoo inaingia mtoni, so samaki washazoea hiyo menu. Maji yakiwa na tope hivyo, anayekula vizuri ni mumi, yule kambare wa ndevu. Hahitaji kuona. Hizo ndevu ndizo zinamwonyesha msosi uko wapi, pamoja na harufu. Weka kitu kizito kwa uzi, hata nati kuukuu ya gari iko sawa, chambo kikae chini kabisa. Jioni na usiku ndio mumi huamka, lakini usiku kando ya mto uliojaa si mahali pa mgeni. Nitakuambia kwa nini.

Kwanza ujue mbona samaki wanapanda. Mumi hutaga mayai kwenye nyasi za mafuriko, maji yakiwa kifundoni tu. Anaweza kupumua hewa ya juu, ndiyo maana utamkuta akiteleza kwa shamba la mtu kama amepotea njia. Halafu kuna ningu. Huyu hapatikani kwingine duniani isipokuwa Ziwa Victoria na mito yake. Mvua ikianza, anatoka ziwani na kupanda Nzoia, Yala, Sondu, akitafuta mahali pa kutaga. Zamani alikuwa samaki wa biashara kubwa. Halafu watu wakaanza kutega nyavu pale mdomoni mwa mto, wakawa wanawadaka majike wakiwa na mimba kabla hawajafika. Hesabu yake ni rahisi na ni mbaya: ukila mama na mayai, mwaka ujao unavua nini? Ningu walipungua vibaya na mpaka leo hawajarudi vile walikuwa.

Kwa hivyo ndoano moja ya msee mmoja haina shida sana, hasa kwa sababu ningu hana haja na minyoo yako, yeye hukwangua uchafu na mwani kwa mawe. Shida ni ule wavu wa kuziba mto kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukiona mabeste wanautandaza, hiyo si uvuvi, ni kukopa bila plan ya kulipa. Na ukidaka mumi ambaye tumbo limefura mayai, mrudishe mapema kabla hajachoka. Cuzo atacheka. Acha acheke.

Sasa kuhusu maji yenyewe. Nzoia unatoka mbali, milima ya Cherang'any na pande za Mlima Elgon. Inaweza kunyesha huko juu usiku wakati wewe Ruambwa unaona nyota, na kesho yake maji yapande bila tone hata moja kukugusa. Chomeka kijiti pale maji yanagusa ukingo. Kila ukimaliza kubadilisha chambo, kitazame. Kikianza kuzama, kunja vitu uende, hata kama samaki ndio wameanza kuuma. Maji ya kasi yanayofika nusu ya goti yanatosha kumwangusha mtu mzima, na chini huoni kama kuna shimo.

Usisimame pia pale udongo umeliwa kwa chini ukabaki kama paa. Na zile kuta za udongo zilizojengwa kuzuia mafuriko, usizichimbe ukitafuta minyoo. Budalang'i wanajua ladha ya maji kuingia kwa nyumba, 2007 na tena 2020, na hawatakuchekea.

Viboko na mamba wako. Maji yakipanda, nao husogea pembeni kama samaki, kwa nyasi zilezile unazolenga. Kiboko hutoka kula usiku, so ukimkuta uko kati yake na maji, hiyo ni story ingine. Uliza wenyeji wanavua wapi na uvue hapo, wakiondoka jua likizama uondoke nao. Hata mchana, usikae na miguu kwa maji yaliyotulia: kichocho huingia kupitia ngozi, huhitaji hata kuyanywa.

Siku tamu zaidi ni maji yakianza kushuka. Samaki wanarudi mtoni kupitia vijia vilevile, na wengine wanaachwa kwa vidimbwi shambani. Hapo hata ndoano huhitaji, kikapu kinatosha. Wale wadogo waachie njia ya kufika mtoni.

Ukifika home na mumi wako, msugue na majivu ya jikoni kabla hujamkata, ule utelezi utoke. Akishaosheka, mkaushe kwa moshi kidogo ndipo umtie nyanya. Ugali iwe ishasongwa.