Mnara Mrefu Haulikingi Paa la Jirani

Abiria wengi wanaouona mnara wa kuongozea ndege kando ya jengo la abiria hudhani kwamba radi ikishuka itaukimbilia mnara na kuliacha jengo. Wahandisi wa kinga ya radi wana hesabu inayoikanusha dhana hiyo.

Fikiria tufe lenye nusu kipenyo cha mita 45, kipimo cha daraja la tatu la kinga katika kanuni za kimataifa za IEC 62305. Liviringishe ardhini hadi liuguse mnara, kisha lipitishe juu ya mapaa yote. Linapogusa, radi inaweza kupiga, lisipofika, pamekingika. Sasa chukua mnara wa mita 60 na paa lenye kimo cha mita 15. Mnara huo utakinga kipande cha paa kisichozidi mita 11 na nusu kutoka ulipo. Hata ukiuongeza ufike mita 100, eneo hilo halitapanuka. Jengo lenye urefu wa mamia ya mita lazima lijikinge lenyewe.

Kinga hiyo kwa kawaida huioni ukiwa chini. Juu ya paa hutandazwa waya za shaba au alumini kwa miraba, mita 15 kwa 15 katika daraja hilohilo, zikipita kwenye kingo na pembe, maana huko ndiko radi hupenda kupiga. Mashine za viyoyozi huwekewa vijiti vyake. Kutoka hapo waya hushuka ardhini kila baada ya mita 15 hivi, ingawa nguzo za chuma za jengo zenyewe, zikiunganishwa vizuri, hufanya kazi hiyo bila gharama ya ziada. Kijiti hakifukuzi radi wala hakiiti kutoka mbali. Huipa njia tu. Na njia hiyo hupitisha mkondo wa ampea 30,000 hivi kwa radi ya kawaida.

Kwa maoni yangu, paa ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye nyaya za ndani. Radi ikipiga hata nje ya jengo, msukumo wa umeme huingia kupitia nyaya za umeme na za mawasiliano, na kompyuta za uhamiaji na mikanda ya mizigo huweza kuzimika huku paa likiwa halina hata mkwaruzo. Kwa hiyo mabomba, fremu za chuma na nyaya za ethi hufungwa pamoja, na vizuia msukumo huwekwa panapoingia umeme. Uwanja kama Entebbe, ulio kando ya Ziwa Viktoria lenye radi nyingi, hauwezi kulichukulia hilo kama mapambo.

Lakini mpakia mizigo aliye katikati ya eneo la maegesho ya ndege yuko mbali na kinga zote hizo. Dawa yake ni kusimamisha kazi na kuingia ndani. Kwa hiyo ndege yako ikitua salama kisha mkaambiwa msubiri vitini kwa sababu ya radi, vumilieni.