Anwani ya Laini Haina Mkono

Kukatiwa intaneti kwa tuhuma za ujumbe wa matusi: sehemu ya pili

Katika sehemu ya kwanza tulitazama vifungu vya mkataba vinavyoipa kampuni ya intaneti uwezo wa kumkatia huduma mteja anayetuhumiwa kutuma matusi au vitisho. Leo tunaingia kwenye kiini cha mgogoro wenyewe: tuhuma hiyo inathibitishwaje? Hoja yangu ni moja. Kitu ambacho kampuni huwa nacho mkononi ni kumbukumbu ya mitambo, na kumbukumbu hiyo, hata ikiwa safi kabisa, huonyesha laini iliyotumika, haimwonyeshi aliyeandika. Basi kukata huduma kabla mteja hajaonyeshwa ushahidi na kupewa nafasi ya kuujibu ni kutoa hukumu juu ya jambo ambalo mhukumu mwenyewe hajalijua.

Tuanze na ushahidi. Lalamiko linapoifikia kampuni, kwa kawaida huja na vitu viwili: anwani ya IP na saa ujumbe ulipotumwa. Wengi huidhania anwani hiyo kuwa mfano wa namba ya nyumba, moja kwa kila mtu. Sivyo. Mfumo wa IPv4, ambao bado unabeba sehemu kubwa ya mawasiliano, una anwani 4,294,967,296 tu, pungufu ya idadi ya watu duniani. Hazina kuu ya anwani hizo iligawiwa ikaisha Februari 2011. Kampuni, hasa za simu, zikalazimika kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, wakitofautishwa na namba ya poti inayopewa kila mawasiliano. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2011 wataalamu wanaosimamia kanuni za kiufundi za intaneti walipendekeza kwamba mitambo inayopokea watumiaji iandike si anwani peke yake bali pia poti na saa sahihi. Palipo na utaratibu huo wa kuchangia anwani, lalamiko lisilotaja poti humnyooshea kidole mtu yeyote katika kundi zima, na kampuni ikichomoa jina moja humo haina msingi wa kulichagua.

Saa nayo ina mtego wake. Mitambo mingi duniani huandika kumbukumbu kwa saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Chukua ujumbe ulioandikwa kuwa umetumwa 18:00 kwa UTC. Kwetu hiyo ni saa tatu usiku. Mfanyakazi wa kampuni akiisoma 18:00 kana kwamba ni saa ya hapa, atatafuta nani alikuwa na anwani ile saa kumi na mbili jioni. Kwa kuwa anwani hupokezanwa kati ya wateja, mara nyingine baada ya muda mfupi, jina atakalolipata laweza kuwa la mtu ambaye hata hakuwa mtandaoni ujumbe ulipotumwa. Hakuna aliyesema uongo hapo, wala mtambo haukuharibika. Ni hesabu ya saa tatu iliyosahaulika, na mtu amekatiwa huduma.

Ikiwa ujumbe ni wa barua pepe, tahadhari inazidi. Kanuni za usafirishaji wa barua pepe zilizotolewa mwaka 1982 hazikuweka njia ya kuthibitisha kwamba jina la mtumaji ni lake kweli. Kinga zilizobuniwa baadaye husaidia pale tu zilipowekwa na kusimamiwa vizuri. Kwa hiyo jina lililo juu ya barua si ushahidi wa kutosha. Inabidi kusomwa mistari ya njia iliyopitiwa na barua kutoka mtambo hadi mtambo, na hata katika mistari hiyo, ile iliyotangulia mtambo unaoaminika yaweza kughushiwa. Tena kompyuta iliyoingiwa na virusi hutuma barua bila mwenyewe kujua, na ruta ya nyumbani hutumiwa na familia, wapangaji na wageni. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Tanzania tarehe 1 Mei 2019 umetujulisha laini imesajiliwa kwa jina la nani. Haukutujulisha ni nani aliyekuwa ameshika simu.

Suala hili limeshafika mbele ya chombo kizito. Mwaka 2009 bunge la Ufaransa lilipitisha sheria iliyoipa mamlaka ya kiutawala iitwayo HADOPI uwezo wa kukata intaneti ya mtu ambaye laini yake ilitumika kunakili kazi za wasanii bila idhini. Tarehe 10 Juni 2009 Baraza la Katiba la nchi hiyo lilikifuta kipengele hicho. Lilisema uhuru wa kujieleza siku hizi unahusisha pia kuufikia mtandao, kwa hiyo zuio la namna hiyo haliwezi kuachiwa mamlaka ya kiutawala. Likaongeza jambo linalotugusa zaidi: kumtaka mwenye laini athibitishe kwamba mtu mwingine ndiye aliyeitumia ni kumdhania hatia tangu mwanzo. Kesi ile ilihusu hakimiliki, haikuhusu matusi, na iliwabana watunga sheria, haikuzibana kampuni binafsi. Lakini udhaifu wa ushahidi ni uleule, kwa sababu anwani haibadiliki tabia kwa kuwa kosa limebadilika.

Sheria za Tanzania zinaelekea upande huohuo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa, lakini inadai ithibitike nia ya kutisha, kusumbua au kuumiza. Nia hukaa moyoni mwa mtu, haikai kwenye laini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo, inapoeleza jinsi ya kuupima ushahidi wa kielektroniki, inataka itazamwe namna ujumbe ulivyotengenezwa na kutunzwa, na namna mtumaji alivyotambuliwa. Na Katiba, ibara ya 13(6), inampa mtu haki ya kusikilizwa na kudhaniwa hana hatia hadi ithibitike vinginevyo.

Yapo mapingamizi, na ni ya kweli. La kwanza: Katiba inasema juu ya mahakama na vyombo vya maamuzi, na kampuni ni mfanyabiashara mwenye mkataba. Nakubali kampuni si mahakama. Ila mkataba unaoruhusu kukata huduma mteja anapotenda kosa unadai kosa liwepo. Anayedai kwamba limetendeka ndiye mwenye mzigo wa kulionyesha. La pili, na zito zaidi: aliyetukanwa au kutishiwa hana muda wa kungoja barua zikijibizana. Hapo jibu si kukaa kimya. Kampuni inaweza kuzuia njia mahususi, kwa mfano kufunga utumaji wa barua pepe kutoka kompyuta inayoshukiwa kuwa na virusi, huku huduma nyingine zikiendelea; na tishio la kweli dhidi ya maisha linapelekwa polisi, wenye uwezo wa kisheria wa kulichunguza. La tatu: kampuni itashtakiwa isipochukua hatua. Sheria ya Makosa ya Mtandao yenyewe inaeleza kwamba mtoa huduma halazimiki kufuatilia kila anachokipitisha. Anachodaiwa ni kulishughulikia lalamiko kwa uangalifu, na kukata laini ya mtu asiyehusika si uangalifu.

Kwa mteja aliyekatiwa, njia ni ya maandishi: barua ya madai. Aiombe kampuni nakala ya lalamiko, anwani ya IP, poti, saa pamoja na ukanda wa saa uliotumika, na kifungu cha mkataba kilichovunjwa. Aiombe pia isifute kumbukumbu, kwa kuwa zikifutwa hata asiye na hatia hupoteza utetezi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamsaidia kudai taarifa zinazomhusu. Asiporidhika, alalamike kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na uamuzi wa mamlaka hiyo unaweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Ushindani.

Utaratibu wa kuonyesha ushahidi kabla ya kukata haumlindi mtuhumiwa peke yake. Laini isiyohusika inapokatwa, lalamiko hufungwa na kuandikwa kwamba limeshughulikiwa, huku aliyetuma matusi akibaki na simu yake, na aliyetukanwa akisubiri ujumbe mwingine. Katika sehemu ya tatu tutachambua namna ya kuandika barua hiyo ya madai, kipengele kwa kipengele.