Kuchagua Gari Kubwa la Jamaa: Jipya au Lililotumika?

Walio katika vikundi na wakae karibu na redio, na mmoja wenu ashike kalamu na karatasi, maana leo tuna hesabu kidogo.

Leo twazungumza juu ya gari kubwa la jamaa: lile lililoinuka, lenye viti safu tatu, ambalo magurudumu yake yote manne yaweza kuvuta pamoja. Watanzania wamelipa jina la shangingi. Wengi hulichagua kwa macho. Huliona likipita barabarani, nao husema, "Nami nitanunua kama hili." Lakini gari la namna hii hula akiba ya miaka mingi. Likichaguliwa vibaya hula na karo ya watoto, na mwisho husimama uani juu ya mawe bila magurudumu.

Kwanza tujue asili yake. Gari hili halikuzaliwa kuwa gari la jamaa. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, nayo ilikuwa gari la shamba. Jina la Land Cruiser lilianza kutumika mwaka 1954, kwa gari la kazi vilevile. Baadaye watengenezaji wakaongeza viti vizuri, vioo vya umeme na kipoza hewa. Range Rover ikatoka mwaka 1970, na Prado, ambayo ni ndugu mdogo wa Land Cruiser, mwaka 1990. Lakini magari mengi ya jamii hii, kama Prado na Nissan Patrol, bado yana chesesi ya chuma chini na bodi juu yake, kama lori. Ndiyo maana yana nguvu kwenye barabara mbovu. Na ndiyo maana ni mazito: Prado ya kawaida hupita tani 2 kabla hujapakia mtu. Uzito huo hulipiwa katika mafuta, katika matairi na katika breki.

Sasa chukueni kalamu. Swali la kwanza ni hili: ni watu wangapi watakaopanda, na mara ngapi kwa mwaka? Andika majina yao. Kama mko watano, na mkeka wa bibi hupakiwa mara moja tu kwa mwaka, yamkini huhitaji gari hili hata kidogo. Kama mko saba kila juma, endelea.

Swali la pili ni la barabara. Je, nyumbani kwenu kuna matope wakati wa masika? Je, mwavuka korongo? Au safari zenu zote ni za lami, kutoka nyumbani mpaka kazini na shuleni? Magurudumu manne yanayovuta ni msaada mkubwa kwenye matope. Kwenye lami kavu ni mzigo unaoubeba kila siku.

Swali la tatu ni la mafuta. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme nyumba yako husafiri kilomita 1,200 kwa mwezi. Gari kubwa likienda kilomita 8 kwa lita moja, litakunywa lita 150. Gari dogo likienda kilomita 15 kwa lita, litakunywa lita 80. Tofauti ni lita 70 kila mwezi, yaani lita 840 kwa mwaka. Zidisha sasa kwa bei ya kituo chako. Kwa mfano wa hesabu tu, lita ikiwa shilingi 3,000, tofauti ni shilingi 2,520,000 kwa mwaka. Hapo hatujataja matairi, oili wala bima. Na kwa Tanzania kumbuka kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa mwaka 2017, na tozo ikaongezwa kwenye mafuta. Basi anayechoma mafuta mengi ndiye anayelipa zaidi.

Naam, kama hesabu hiyo haikukutisha, tuje kwenye swali kubwa: jipya au lililotumika?

Wengi hudhani tofauti ya bei ni tofauti ya rangi na harufu ya viti. Sivyo. Anayenunua gari jipya hulipa zaidi ili asiwe na shaka juu ya maisha ya nyuma ya gari lile. Halikuanguka, halikuzama katika mafuriko, halikukosa oili. Anayenunua lililotumika hulipa pungufu, lakini habari hizo lazima azitafute mwenyewe. Akiacha kuzitafuta, zile fedha alizookoa atazipeleka gereji. Shikeni neno hili, maana ndilo kiini cha somo: ukinunua gari lililotumika, nunua na habari zake.

Tulitazame gari jipya. Faida yake ni dhamana ya mwenye kuuza: likiharibika kwa kosa la kiwanda, hulipi wewe. Lakini soma masharti. Dhamana nyingi hutaka gari lihudumiwe mahali palipotajwa na kwa wakati uliotajwa. Ukipeleka kwa fundi wa mtaani ili kupunguza gharama, waweza kuipoteza. Hasara ya gari jipya ni kwamba thamani yake hushuka upesi zaidi katika miaka ya mwanzo, na hasara hiyo huwa juu ya mwenye gari wa kwanza. Na kama umekopa benki, hesabu si bei tu: kuna riba, na benki kwa kawaida hutaka bima kubwa mpaka deni liishe.

Sasa gari lililotumika. Kwetu Afrika Mashariki mengi hutoka Japani, na sababu mojawapo ni kwamba Wajapani, kama Watanzania, Wakenya na Waganda, huendesha upande wa kushoto, na usukani wao uko kulia. Lakini kila nchi ina sheria yake ya umri wa gari. Kenya haikubali kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataza magari yaliyofikisha miaka 15. Tanzania huyakubali, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa uzee wa gari. Kwa hiyo gari kuukuu lenye bei ndogo kule Japani laweza kuwa ghali bandarini Dar es Salaam. Tena TRA hukadiria kodi kwa thamani iliyo katika orodha yake, si lazima kwa bei uliyolipa. Kikokotoo chao kiko kwenye intaneti. Kitumie kabla ya kutuma hata shilingi moja ng'ambo.

Magari mengi ya Japani hupita mnadani kabla ya kuuzwa nje, na kila moja huandikiwa karatasi ya ukaguzi. Mwulize mwuzaji karatasi hiyo. Ndani yake mna kilomita zilizosomwa siku ile, na alama ya hali ya gari. Alama 4 au 4.5 ni gari zuri. Herufi R ina maana kwamba gari liliwahi kuumia na kutengenezwa. Mwuzaji asiyetaka kukuonyesha karatasi hii anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Jifunzeni pia kusoma namba ya chesesi. Katika Prado zilizoanza kutoka mwaka 2009, TRJ150 ni injini ya petroli ya cc 2,700. GRJ150 ni petroli ya cc 4,000. KDJ150 ni dizeli ya cc 3,000, na GDJ150 ni dizeli ya cc 2,800. Herufi hizi si mapambo. Injini ya KDJ hutumia mkanda wa taimingi, nao ukikatika safarini injini yaweza kuharibika kabisa. Basi uliza ulibadilishwa lini, na udai risiti. Injini ya TRJ hutumia mnyororo. Nayo GDJ iliyotengenezwa kwa soko la Japani huhitaji maji maalumu ya urea ya kusafishia moshi. Uliza kama fundi wako anaujua mtambo huo, na kama maji hayo yanapatikana karibu nawe.

Jambo dogo la kuchekesha: redio za FM za Japani huanza masafa ya 76 na kuishia 95, na zetu ni 88 mpaka 108. Ukinunua gari kutoka kule bila kubadilisha redio, vituo vyetu vingi hutavisikia.

Je, ukinunua kwa mtu wa hapa nchini? Faida ni kwamba waweza kulishika na kuliendesha gari kabla ya kulipa. Anza na karatasi. Jina lililo kwenye kadi ya gari liwe la yule anayekuuzia. Kama siye, aonyeshe idhini ya mwenyewe kwa maandishi. Namba ya chesesi na ya injini zilizo kwenye kadi zilingane na zile zilizo garini, na umsomee fundi kwa sauti, namba moja moja. Kadi ikiwa mikononi mwa benki, gari bado lina deni. Uliza pia faini za barabarani zisizolipwa. Kisha dai daftari la huduma. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya karatasi, fuata hatua hizi pamoja na fundi uliyemchagua wewe, si wa mwuzaji.

Kwanza, fika asubuhi injini ikiwa baridi, maana injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma waweza kuwa maji yanayoingia ndani ya injini. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua sawasawa.

Pili, lala chini utazame chesesi. Sehemu za kaskazini ya Japani humwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, nayo hula chuma. Kutu ya juu juu si hatari. Iliyotoboa ni hatari.

Tatu, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Ukiona alama ya matope, au ukisikia harufu ya uvundo chini ya zulia, gari huenda lilizama.

Nne, soma tairi. Ubavuni pana tarakimu nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na bado likawa zee.

Tano, linganisha kilomita na uchakavu. Gari linalosema kilomita 50,000, na pedali ya breki imelika na usukani unang'aa kwa kushikwa, halisemi kweli.

Sita, tafuta mahali pa udongo ujaribu gia ya nguvu. Mnunuzi wengi hawaijaribu mpaka siku ya matope.

Hatua ya mwisho ni ya jamaa, si ya fundi. Wapakie wote. Bibi apande bila kubebwa; akishindwa, weka ngazi ya pembeni au tafuta gari jingine. Mtu mzima akae kiti cha nyuma kabisa kwa nusu saa, kisha umwulize magoti yake. Hesabu mikanda: kila mtu awe na wake, na wa safu ya tatu pia. Halafu fungua mlango wa nyuma. Viti vya safu ya tatu vikiwa vimesimama, buti huwa dogo sana. Je, mizigo itakwenda wapi?

Wengi hujibu: kwenye keria. Hapo ndipo hatari ilipo. Gari lililoinuka lina uzito wake juu, na ukiweka magunia juu ya paa, laweza kupinduka upesi likikatwa ghafla kona. Tena gari zito ni gumu kusimamisha. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki lazima ziimeze huongezeka mara nne. Fikiria nyumba ya watu saba inayosafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 800, ikipita milima ya Kitonga. Kwenda itapanda, kurudi itateremka, imejaa watu na mchele. Dereva ashuke kwa gia ndogo, asitegemee breki peke yake. Mizigo mizito ikae chini, ndani. Ukubwa wa gari haumlindi mtu asiyefunga mkanda.

Basi nyumba kama hiyo ichague lipi? Kama ina akiba ya kutosha na itakaa na gari miaka 10 au zaidi, jipya laweza kufaa. Kama akiba ni ya kiasi, lililotumika lenye karatasi zote, likakaguliwa na fundi, ni bora kuliko jipya la deni litakaloondoa mtoto shuleni. Lakini msitumie fedha zote kununua. Wekeni sehemu kando kwa ajili ya matairi, oili, mikanda na matengenezo ya miezi ya mwanzo. Na ikiwa fedha zatosha shangingi bovu tu au gari dogo zima, chukueni gari dogo zima.

Wasikilizaji, somo letu limefika mwisho. Zimeni redio mzungumze. Haya ndiyo maswali ya kikundi:

1. Katika nyumba yako, ni siku ngapi kwa mwaka ambazo watu zaidi ya watano husafiri pamoja? Je, kukodi gari siku hizo kungegharimu kiasi gani?

2. Fanyeni hesabu ya mafuta kwa kilomita zenu wenyewe na kwa bei ya mwezi huu.

3. Mwuzaji amekataa gari lisipelekwe kwa fundi wenu, lakini amepunguza bei. Mtamjibu nini, na kwa sababu gani?

Kwaherini, na safari njema.