Skrini kugeuka rangi jioni: Je, inakupa usingizi?

Ukiona kompyuta ya mwenzako inageuka rangi ya chungwa jua linapozama, usikimbilie kumwita fundi. Ni programu inafanya kazi yake. Iliyofungua njia ni f.lux, ambayo Michael na Lorna Herf waliitoa Marekani mwaka 2009. Apple waliweka ya kwao kwenye iPhone mwaka 2016, na mwaka uliofuata Microsoft wakatia yao ndani ya Windows 10.

Kila nukta ya skrini huchanganya taa tatu: nyekundu, kijani na bluu. Programu huiacha nyekundu ilivyo, hupunguza kijani kiasi na kuibana bluu zaidi. Weupe wa mchana hupimwa kuwa kelvini 6500. Ukishushwa hadi 2700, kiwango cha balbu zile za zamani, thamani ya bluu hubaki takriban theluthi moja. Mabadiliko huja polepole ili ubongo uyazoee. Anayejaza majedwali tangu alasiri huona ukurasa wake bado mweupe, lakini anayeingia ofisini kutoka nje huona manjano matupu. Tena ukipiga picha ya skrini hiyo ukamtumia mtu, ataiona nyeupe, maana picha yenyewe haijaguswa. Kilichobadilishwa ni rangi zinapopelekwa kwenye kioo.

Kwa nini bluu? Mwaka 2002 watafiti, akiwemo David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown, walionyesha kuwa retina ya jicho ina seli za pekee zinazohisi mwanga zenyewe na kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku. Seli hizo huitikia zaidi mwanga wa bluu, wa nanomita 480 hivi. Zikichochewa usiku, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, hupungua.

Hoja imekaa vizuri. Ushahidi ndio unaosuasua. Katika jaribio moja la Boston, watu 12 walisoma kwenye iPad yenye mwanga mkali kwa saa nne kila jioni; walichelewa kulala kwa takriban dakika 10 tu kuliko waliposoma kitabu cha karatasi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young uliotolewa mwaka 2021 uliwafuatilia vijana 167: waliotumia simu yenye rangi ya jioni, waliotumia ya kawaida, na walioiweka kando kabla ya kulala. Kwa jumla, usingizi wao haukutofautiana. Miongoni mwa waliokuwa wakilala zaidi ya saa 6.8, walioacha simu kabisa walilala vizuri zaidi, lakini rangi ya skrini haikuleta nafuu yoyote.

Kwa maoni yangu, tumeibebesha rangi mzigo usio wake. Ukali wa mwanga una uzito wake, na kinachokufanya ukeshe aghalabu ni ule ujumbe wa bosi au video inayofuata. Macho kuwasha nayo ni habari nyingine: mtu akikodolea skrini hupepesa kope mara chache, macho yakakauka, na manjano haiyarudishii unyevu.

Programu hii haina madhara, iwashe ukiipenda. Kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, hivyo ukiipangia saa 12:30 jioni inatosha. Wabunifu wa matangazo na wahariri wa picha waizime wakiwa kazini, la sivyo rangi zitawapotosha. Wengine wote, punguzeni kwanza ukali wa skrini, kisha izimeni mapema. Na anayekosa usingizi wiki kadhaa mfululizo amwone daktari.