Mbegu ya Wimbi Ishindanishwe Matungu Kwenyewe

Kiwanda cha Mumias Sugar kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka arobaini muwa ndio uliopanga mashamba ya Matungu, Kaunti ya Kakamega. Wimbi na mtama vilibaki na kipande nyuma ya nyumba, au vikaachwa kabisa. Tangu kampuni hiyo iwekwe chini ya mrasimu mwaka 2019, miwa haijatoweka, maana viwanda vingine bado vinanunua. Lakini mkulima wa Koyonzo au Namamali aliyezoea kungoja zao linalokaa shambani miezi 18 au zaidi, kisha angoje malipo, sasa anataka pia kitu cha kuvuna ndani ya miezi minne. Ndipo sisi watu wa kilimo tunapoulizwa kila msimu: nipande mbegu gani?

Majina yapo mengi. Kwa wimbi kuna P-224, U-15, Gulu-E, Okhale-1 na zile za KAK-Wimbi zilizotoka kituo cha utafiti cha Kakamega. Kwa mtama kuna Serena, Seredo, Gadam, KARI Mtama 1 na E1291. Anayekutajia jina moja papo hapo, kabla ya kuuliza shamba lako liko wapi na chakula chako unakipika vipi, anabahatisha. Jibu la haki hupatikana kwa kuzipanda aina hizo pamoja, shamba moja, msimu mmoja, na kuzipima.

Chukua Gadam. Ni mtama mfupi, mweupe, unaokomaa mapema, na umewafaa sana wakulima wa Kitui, Machakos na Makueni ambako mvua hukatika upesi. Watengenezaji wa bia ya Senator Keg waliununua kwa wingi, na sifa zake zikaenea nchi nzima. Ulete Matungu sasa, uupande mwezi wa tatu kama mahindi. Utakomaa mwezi wa sita, na mvua ya masika bado inaweza kuwa inanyesha. Punje nyeupe iliyolowa kwenye suke huota ukungu, na ndege huipenda kuliko ile ya kahawia. Serena na Seredo, zilizotokana na kazi ya kituo cha Serere kule Uganda, zina punje ya kahawia yenye ukakasi. Ndege wakiwa na chaguo jingine huziruka, na ukungu nao hauzishambulii kwa urahisi. Hata hivyo ukakasi huohuo huenda usimpendeze mnunuzi wa kiwanda. Soko nalo hubadilika: mwaka 2013 serikali iliporudisha ushuru kwenye bia ya mtama, mauzo ya keg yalianguka, na mkulima aliyepanda kwa ajili ya mnunuzi huyo mmoja akaumia. Kwa hiyo hata kabla hatujagusa jembe, swali la mbegu bora limeshagawanyika: bora kwa mvua ipi, kwa ndege gani, kwa mnunuzi yupi, kwa chungu cha nani?

Sheria ya Kenya haiziruhusu aina mpya ziuzwe bila kupimwa. Shirika la KEPHIS husimamia majaribio ya kitaifa, ambako aina mpya hushindanishwa na zile zilizokwisha kuidhinishwa katika maeneo mbalimbali na kwa zaidi ya msimu mmoja. Kazi hiyo ni ya lazima na inafanywa kwa uangalifu. Lakini inajibu swali la nchi. Inakuambia kuwa aina fulani inastahili kuwa kwenye orodha. Haikuambii itafanya nini kwenye udongo wa Matungu uliochoshwa na miwa na mbolea ya miaka mingi, wenye tindikali, wenye fosforasi haba, na wenye kiduha.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Kiduha, ambacho wengi huku Magharibi wanakiita kayongo, ni gugu la maua ya zambarau linalojiunganisha na mizizi ya mahindi, mtama au wimbi na kufyonza chakula chake. Mmea mmoja huzaa mbegu kwa makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingojea. Ukiona ua, hasara ilishatokea chini ya ardhi wiki kadhaa zilizopita. Jaribio linalofanywa kwenye kipande safi cha kituo cha utafiti, palipong'olewa kila gugu, halikufundishi lolote juu ya adui huyu. Kwa hiyo sehemu ya majaribio lazima iwekwe makusudi pale ambapo mkulima mwenyewe amekata tamaa.

Adui wa pili ni ukungu uitwao blasti, ndugu wa ule unaoangamiza mpunga. Kwenye wimbi hushambulia jani, shingo na vidole vya suke. Wa shingo ndio mbaya kuliko wote. Shamba linaonekana limejaa, masuke yamesimama, ukikaribia unakuta shingo imekuwa nyeusi na vidole vimepauka, ukisugua kiganjani unabaki na makapi. Dkt. Chrispus Oduori, mtafiti wa wimbi aliyefanya kazi Kakamega, alichunguza blasti na kiduha katika Kenya Magharibi kwenye tasnifu yake ya mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Maadui hawa wawili hukutana kwenye shamba moja, na aina inayomstahimili mmoja inaweza kushindwa na mwingine.

Sasa tuje kwenye shamba lenyewe. Kila aina hupewa ploti ndogo, tuseme mita 3 kwa 2, kwa mistari iliyoachana sentimita 30. Kisha shindano lote hurudiwa mara tatu au zaidi katika shamba hilo, na kila mara mpangilio huamuliwa kwa kura. Wakulima wengi hushangaa hapa: kwa nini tusipange tu kwa zamu, P-224 hapa, U-15 pale? Kwa sababu ardhi haiko sawa. Palipokuwa na zizi la ng'ombe miaka ya nyuma, mimea hushiba. Karibu na kichuguu cha mchwa huwa hivyo hivyo. Kando ya mikaratusi hudumaa. Aina ikipata bahati ya zizi, utaisifu kwa kosa. Kura na marudio huondoa bahati hiyo. Utaratibu huu aliujenga mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeingia kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919 na kukuta kumbukumbu za mashamba ya majaribio zilizoanza mwaka 1843, nyingi zikiwa ngumu kusoma kwa sababu hiyohiyo: hakuna aliyejua kipi ni mbegu au mbolea, na kipi ni udongo.

Ploti moja katika kila shindano lazima iwe ya mbegu ya kienyeji, ile ambayo mama mwenye boma amekuwa akiihifadhi. Katika jambo hili sikubali kisingizio. Nimesoma ripoti zenye aina sita mpya zikishindana zenyewe kwa zenyewe, mshindi akatangazwa, na mkulima asijue kama mshindi huyo angeishinda mbegu iliyo tayari kwenye kibuyu chake. Na palizi, mbolea na tarehe ya kupanda viwe vile mwenye shamba anavyomudu. Ukimwaga mbolea kwenye jaribio kuliko atakavyoweza mwaka ujao, umepima mfuko wako.

Siku ya kuvuna ndiyo siku ya kuwa mkali. Masuke hukatwa kwa kisu, ploti moja kwa mfuko mmoja wenye alama, mistari ya pembeni ikiachwa nje kwa sababu mmea wa ukingoni hupata jua na nafasi kuliko wenzake. Huanikwa hadi yakauke vizuri, yakapurwa, punje zikapepetwa, zikapimwa. Hesabu yake ni hii. Tuseme, ili hesabu iwe rahisi, umevuna mita mraba 6 kamili bila kuacha mistari ya pembeni, ukapata gramu 900. Ekari ina mita mraba 4,047 hivi, kwa hiyo unazidisha kwa karibu 674, unapata kilo 607 kwa ekari, yaani magunia sita na ushei ya kilo 90. Lakini tazama: kuku wakila gramu 100 tu kwenye turubai, umepoteza kilo 67 za ekari kwenye karatasi. Aina nzuri inaweza kukataliwa kwa sababu ya kuku wawili. Kwa hiyo mtoto mmoja akae na turubai mchana kutwa, wala asitumwe dukani.

Mizani haimalizi kazi. Kabla ya kuvuna, wakulima huitwa wapite ploti kwa ploti bila kuambiwa majina, kila mmoja akiwa na maharagwe ya kupigia kura, rangi moja kwa wanawake na nyingine kwa wanaume, wayatie kwenye mikebe iliyowekwa mbele ya kila ploti. Kura hizo zihesabiwe mbalimbali. Wanaume mara nyingi huangalia ukubwa wa suke na bei. Mwanamke husugua suke kiganjani, hupuliza makapi, hutazama kama punje imeachia ganda, halafu huuliza kama mche mdogo unaonekana tofauti na magugu, maana wimbi changa linafanana mno na nyasi za jamii yake na yeye ndiye atakayeinama kupalilia. Baadaye kuna unga: ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo unashikana? Uji una rangi gani? Kimea chake kinafaa kwa pombe ya busaa? Aina inayotoa gunia la ziada lakini isiyopurika itaachwa msimu wa pili, na itakuwa haki yake.

Kuna njia nyingine inayofaa pale ambapo mkulima hana nafasi ya ploti ishirini. Kila mkulima hupewa vifurushi vitatu tu, vimeandikwa A, B na C, kutoka kwenye kundi kubwa la aina. Anavipanda kwake na kusema kipi bora na kipi duni. Wakulima wakiwa mamia, majibu yao madogo yanaunganishwa na kutoa picha kubwa. Matokeo ya njia hii kwa maharagwe ya Nicaragua na ngano ya Ethiopia na India, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalitoka kwenye ploti 12,409 za wakulima. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayoifaa Matungu zaidi, yenye vishamba vingi vidogo na udongo unaobadilika kutoka kijiji kimoja hadi kingine.

Msimu mmoja hautoshi. Masika yenye mvua nyingi humpa ushindi anayevumilia blasti, na vuli kavu humpa anayekomaa mapema. Subiri angalau misimu miwili kabla ya kuhamisha shamba lote. Habari njema ni kwamba wimbi hujichavusha lenyewe. Ukishachagua, mbegu uliyovuna itazaa kama mzazi wake, mradi uchague masuke yenye afya na usichanganye. Punje zake zikikauka vizuri hukaa miaka bila dumuzi. Na gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, kiasi ambacho mahindi hayakaribii.

Kwa hiyo, kabla ya mvua ya mwezi wa tatu, kikundi chenu kitenge kipande, pamoja na kile chenye kayongo. Nendeni kwa afisa wa kilimo wa wadi yenu mumwombe awaunganishe na kituo cha utafiti cha KALRO, Kakamega au Alupe. Ploti ya mita 3 kwa 2 inahitaji gramu chache tu za mbegu. Wekeni na ya kwenu ya kienyeji, pigeni kura ya mpangilio mbele ya watu, na siku ya kuvuna mumwite afisa aje na mizani.