Nguzo za Uislamu (3): Zaka na daftari la duka

Baada ya shahada na sala, leo tunafika kwenye zaka. Kwa maoni yangu, hii ndiyo nguzo inayotekelezwa kwa kubahatisha kuliko zote. Muislamu asiyejua rakaa za alasiri ni nadra kumpata, lakini wenye maduka wasiojua nisabu ni wengi. Wanagawa sarafu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, Ramadhani wanapanga foleni ya masikini nje ya geti, wakidhani wamemaliza. Hiyo ni sadaka, na ina thawabu zake. Zaka ni haki ya wengine iliyomo ndani ya mali yako. Wakati wake ukifika ukaikalia, umekalia cha watu.

Ilifaradhishwa Madina, mwaka wa 2 Hijria kwa kauli iliyo mashuhuri. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipofariki mwaka 632, yako makabila ya Bara Arabu yaliyokubali kusali yakakataa kutoa zaka. Khalifa Abubakar hakukubali kuitenga zaka na sala, akapigana nao.

Sasa tulifungue daftari. Nisabu, yaani kiwango ambacho chini yake hudaiwi, ni takriban gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha. Kwa bei za leo viwango hivi viwili vimeachana mno, na masheikh wengi huchagua cha fedha ili masikini wapate zaidi. Sharti la pili ni mali kutimiza mwaka wa Kiislamu, ambao ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa Januari hadi Desemba.

Mwenye duka la vyakula, mwaka wake ukitimia, huhesabu magunia ya mchele, sukari na madumu ya mafuta kwa bei ya sokoni siku hiyo, si bei aliyonunulia. Huongeza fedha taslimu, zilizo benki na zilizo kwenye simu. Mashelfu, friji, mizani na pikipiki ya kupelekea mizigo haviingii, kwa sababu haviuzwi. Wateja wanaokopa na kulipa, madeni yao huhesabiwa. Yule aliyehama mtaa usiku na deni lako, msubiri mpaka alipe. Jumla igawe kwa 40. Ikiwa ni shilingi milioni 40, zaka ni milioni moja.

Shamba lina hesabu nyingine. Halingoji mwaka, haki hutoka siku ya mavuno, mazao yakifika pishi 300: sehemu moja ya kumi kwa kilimo cha mvua, nusu yake kwa cha kumwagilia kwa gharama. Hapo huzuka swali la Unguja na Pemba: je, karafuu? Madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani yetu, hutoza mazao yanayoliwa kama chakula kikuu na kuhifadhika, kama mpunga, mtama na mahindi. Karafuu haimo. Wahanafi huitoza. Lakini mkulima wa Kishafii asifurahi mapema: fedha za karafuu zikifika nisabu na kukaa mwaka, zinadaiwa kama fedha nyingine. Bangili na mikufu ya dhahabu anayovaa mwanamke kwa kiasi cha kawaida nayo ina mgogoro huohuo. Shafii wameisamehe, Hanafi wanaidai.

Wapokeaji wametajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, nao ni mafungu manane, wakiwamo mafakiri, masikini, wenye madeni na msafiri aliyekwama. Mama na baba hawamo, wala watoto unaowalisha, maana kuwatunza ni wajibu wako tayari. Ndugu na shangazi wenye dhiki, usiowajibika kuwalisha, wanafaa, tena wana haki ya kutangulizwa.

Tusiichanganye na zakatul fitri. Hii haina nisabu ya biashara: kila mwenye ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi humtolea kila aliye chini yake, hata mtoto mchanga, pishi moja ya chakula kinacholiwa mjini kwake, kabla ya sala ya Idi. Kwa Shafii hutolewa chakula chenyewe. Kwa hiyo asubuhi ya Idi, mchele upimwe mapema. Sala ikishasaliwa umechelewa. Juma lijalo, inshallah: saumu.